Maziwa Yapite Bila Kuvutwa

Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka anajua kumeza. Kinachomshinda ni kuvuta. Ili avute, kinywa lazima kizibike: midomo mbele, ulimi chini, kaakaa juu. Kukiwa na upenyo wa kwenda puani, mvuto haupatikani, kama mrija uliotoboka ubavuni. Mama humwona kifuani saa nzima, taya zikicheza, akaamini ameshiba. Kumbe amechoka tu, njaa iko palepale.

Kwa hiyo uuguzi huanza na kumkagua mara anapozaliwa. Mpasuko wa kaakaa laini, nyuma kabisa, hujificha mdomo ukiwa mzima. Kupapasa kwa kidole hakutoshi. Inatakiwa tochi, ulimi ukandamizwe, muuguzi aone mpaka kwenye kimeo.

Kisha kazi hugawanywa: mtoto ameze, mtu mwingine asukume maziwa. Mandy Haberman wa Uingereza, aliyejifungua binti mwenye tatizo hili mwaka 1980, alibuni chupa yenye vali. Maziwa yakishaingia kwenye chuchu hayarudi nyuma, hivyo mtoto akibana kwa ufizi anapata. Ni ubunifu wa kupendeza sana, lakini wodi isiyo nayo haijakwama. Mama akamue maziwa yake, yatiwe kwenye chupa laini inayobonyezeka. Mtoto akae karibu wima, kichwa kimeshikiliwa. Taya likishuka, bonyeza, achia, subiri ameze. Kubonyeza mfululizo ndiko kunakompalia. Kwa kikombe kidogo, ukingo uguse mdomo wa chini na maziwa yafike pale tu, ayafuate mwenyewe kwa ulimi, asimiminiwe.

Maziwa yakitoka puani, akina mama wengi huogopa na kuacha kulisha. Hapana: tua kidogo, apige chafya, mfute, endelea. Kwa kuwa humeza hewa nyingi, acheulishwe mara kwa mara. Mlo usizidi dakika 30 hivi, maana baada ya hapo nguvu anayotumia inakula faida ya maziwa.

Kaakaa hushonwa kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, na mtoto aliyedhoofu huahirishiwa upasuaji. Ndiyo maana naiamini mizani kuliko chupa tupu, kwani maziwa mengine huishia kwenye kanga. Uzito usipopanda, muuguzi aketi na mama, atazame mlo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla ya kuagiza kipimo chochote.