Dakika 18! Nimeonja chaji ya haraka Norway, sasa naitaka Makambako

Dakika kumi na nane. Narudia kwa walioko nyuma: dakika kumi na nane! Betri inatoka asilimia 10 hadi 80, gari liko tayari kwa kilomita nyingine kama mia tatu, na kahawa yangu bado ina moto. Tarakimu hizo nilikuwa nimeziona kwenye matangazo ya Hyundai, nikazipokea kama tunavyopokea ahadi za wakati wa kampeni. Sasa nimezishuhudia kwa macho yangu, na tangu nirudi hapa Mbebe, Ileje, kijiwe kizima kimechoka kunisikiliza. Basi naandika, anayetaka asome.

Safari ilikuwa Oslo kwenda Trondheim kwa barabara ya E6, karibu kilomita 500 kuelekea kaskazini. Nilikuwa mgeni wa shemeji yangu anayefanya kazi kule, na gari lake ni Hyundai Ioniq 5 lenye betri ya kilowati-saa 77.4, yaani uniti 77.4 kwa hesabu zetu za LUKU. Kule gari la umeme si kituko tena: mwaka 2024, karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa Norway yalikuwa ya umeme mtupu. Gari lenyewe ni tamu, nitalisifia siku nyingine. Leo nasifia kituo. Kwenye safari ndefu ya umeme, gari ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kituo, na ndiyo iliyonitoa jasho kwenye baridi.

Chomeka, sikiliza, shangaa

Futa kichwani picha ya sheli. Hakuna harufu ya petroli, hakuna kijana wa pampu, hakuna "zima gari bosi". Kuna mashine zimepangwa mstari kwenye maegesho, kila moja ina skrini na kebo nene nyeusi. Tundu la Ioniq 5 liko nyuma upande wa kulia, kwa hiyo unaingia kinyumenyume. Unafungua kifuniko, unanyanyua plagi, na hapo ndipo unapoelewa kwamba hapa hakuna mchezo. Kebo ni nzito! Kwenye mashine za kilowati 350, ndani ya kebo hiyo mnazunguka kimiminika cha kuipoza, maana umeme unaopita humo ungeweza kuiunguza. Plagi yenyewe inaitwa CCS2: juu ina pini ndogo ndogo kwenye duara, chini ina pini mbili nene. Hizo mbili nene ndizo zinazofanya kazi ya kiume.

Unasukuma, inalia "tak!", inajifunga. Mashine na gari vinazungumza kwa sekunde chache, kila kimoja kinamweleza mwenzake kinachoweza kutoa na kupokea. Feni zinaanza kunguruma. Halafu namba zinapanda kwenye skrini: 40... 110... 180... 228! Kilowati mia mbili ishirini na nane zinaingia kwenye gari la familia, na watoto wamelala kiti cha nyuma!

"Shem, hiyo namba haitaibiwa," shemeji akaniambia. "Twende tukanywe kahawa."

Nikamwambia atangulie.

Kwa wasiojua kinachofanyika pale: umeme wa ukutani nyumbani ni AC, lakini betri hula DC. Ukichaji nyumbani, kifaa kidogo kilichomo ndani ya gari ndicho kinachogeuza umeme, na uwezo wake ni kama kilowati 7 au 11, ndiyo maana watu huchaji usiku kucha. Kituo cha haraka kina kabati kubwa nje ya gari linalofanya kazi hiyo ya kugeuza, kisha kinasukuma DC moja kwa moja kwenye betri. Mwenye paneli ya sola juu ya bati hapa Mbebe ananielewa: paneli inaijaza betri bila kupitia inveta. Ndiyo hiyo hiyo, isipokuwa hii imekwenda jeshini.

Sasa pima ukubwa wake. Kwa kasi ya kilowati 228, betri inapokea karibu uniti nne kila dakika. Mteja mdogo wa TANESCO wa kundi la D1 anatakiwa asizidi uniti 75 kwa mwezi mzima. Mashine ile ingezimwaga zote kwa dakika 20!

Usisubiri ijae

Kuna elimu moja wenyeji wanayo na wageni hatuna: hakuna anayesubiri asilimia 100. Nilikodolea skrini macho nikajua sababu. Hadi karibu nusu ya betri, kasi inabaki juu ya kilowati 200. Kisha inashuka ngazi kwa ngazi, na ikivuka 80 inaanza kujikongoja. Si hitilafu, gari linalinda betri yake, kwa sababu seli zilizokaribia kujaa haziwezi kumeza kwa pupa bila kuumia. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kukuchukua muda mrefu kuliko 70 za kwanza. Kwa hiyo mjanja anaingia na 10, anatoka na 80, anaiachia nafasi gari linalofuata.

Na gari nalo lina akili zake. Ukiweka kituo kwenye ramani ya gari, linaanza kuipasha betri moto njiani ili ifike tayari. Betri baridi hula taratibu, na Norway inajua baridi kuliko Ibaba yetu ya Ileje asubuhi ya Julai.

Malipo? Gusa kadi ya benki, basi. Miaka ya nyuma kila kampuni ilikuwa na programu yake ya simu na msafiri alibeba utitiri wa akaunti. Norway ikatunga kanuni kwamba vituo vipya vya haraka kuanzia 2023 vipokee kadi, na Umoja wa Ulaya ukafuata mkondo huo mwaka 2024. Bei tuliyolipa ilikuwa kroni tano na ushee kwa uniti, ambayo kwa fedha yetu inavuka shilingi elfu moja. Si bure, na ni ghali mno ukilinganisha na kuchaji nyumbani. Lakini unalipia muda, na muda ulikuwa mtamu: choo safi, kahawa, mkate wa soseji, watoto wakakimbizana kidogo, safari ikaendelea.

Dombås, pacha wa Makambako

Kituo kilichoniteka kuliko vyote kiko Dombås. Ni mji mdogo ambapo barabara ya E136 inachepuka kutoka E6 kwenda magharibi, na kwa sababu kila msafiri lazima apite hapo, kampuni kadhaa zimejenga vituo vyao karibu karibu. Ukikuta huku kumejaa, unavuka upande wa pili. Mtu wa Songwe akisimama pale anaona Makambako waziwazi: njia panda, mabasi, chakula cha moto, watu wa Njombe na Songea wakiagana na wa Mbeya.

Baada ya Dombås, E6 inapanda Dovrefjell hadi mita 1,026, kilele cha barabara hiyo nzima. Wenyeji wanaitaja milima hiyo kwa heshima kubwa. Nilinyamaza kwa adabu, maana Tunduma tu iko juu zaidi ya hapo, na Ileje tusiizungumzie. Raha yenyewe ilikuja kwenye mteremko: mota inageuka kuwa breki, inavuna umeme, na asilimia za betri zinapanda wakati gari linashuka! Nikawaza Kitonga. Nikawaza Iwambi pale Mbalizi, ambako madereva wa malori wanazijua breki zilizochemka kwa harufu.

Dosari zipo

Nisije nikaonekana nimelipwa. Kwenye kituo kimoja tulikuta mashine imekufa, skrini nyeusi tii. Haikutusumbua, kwa sababu zilikuwepo nyingine pembeni. Hapo ndipo penye somo: kituo chenye plagi moja ni bahati nasibu, kituo chenye plagi nane ni kituo. Siku za sikukuu, hasa Pasaka, foleni hutokea. Kebo nzito zinamtesa mzee. Na si kila mashine inapatana na kila gari: vituo vya Tesla, ambavyo Norway viko wazi kwa magari ya kampuni nyingine tangu 2022, vingi vimejengwa kwa mfumo wa volti 400, wakati Ioniq 5 ni ya volti 800. Linachaji, lakini kwa chini ya nusu ya kasi yake. Tulichomeka, tukachoka, shemeji akasema sasa hata mimi nitapata muda wa kunywa kahawa.

Haya, Tunduma hadi Dar

Tunduma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 930. Chukua gari kama hilo, likila uniti 18 kwa kilomita mia. Ondoka Tunduma betri imejaa, na foleni ya malori isikutishe, kwani gari la umeme likisimama halili karibu chochote. Simama Makambako, uchaji. Simama Iringa, uchaji. Kutoka Iringa hadi Morogoro ni kama kilomita 300, lakini Kitonga inakurudishia kidogo, na ndani ya hifadhi ya Mikumi kasi imebanwa, jambo linaloipumzisha betri. Simama Morogoro, kisha ingia Dar. Vituo vitatu, kila kimoja nusu saa au pungufu. Basi lako la kawaida linasimama mara ngapi kwa chipsi na chai?

Kutoka 10 hadi 80 ni kama uniti 54. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, kama shilingi 356 kwa uniti kodi zikiwemo, hiyo haifiki shilingi 20,000. Kituo kitaongeza faida yake, sawa, hata kikizidisha mara mbili. Wewe mwenye gari la petroli linalokwenda kilomita kumi kwa lita, piga hesabu ya lita 30 kwa bei ya leo, halafu tuonane.

Umeme upo? Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Mtambo mmoja tu ungeweza kulisha plagi zaidi ya 1,500 za kilowati 150 kwa wakati mmoja. Treni ya umeme inakimbia Dar hadi Dodoma tangu 2024. Mwaka huohuo pikipiki ya umeme ya Roam ilitoka Nairobi, ikapita Tanzania, ikafika Stellenbosch, Afrika Kusini, kama kilomita 6,000 kwa siku 17 kwa chaji ya jua. Kenya ilishatenga bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri mwaka 2023. Ethiopia ikapiga marufuku kuingiza magari ya mafuta mwaka 2024. Kazi iliyobaki ni transfoma inayojitegemea kwenye kila kituo, na mtu wa kuthubutu.

Na wewe unayetaka kuagiza gari, angalia tundu kabla ya rangi. Nissan Leaf za mitumba kutoka Japani zina tundu la CHAdeMO, na betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa kimiminika, kwa hiyo ukiichaji haraka mara kadhaa siku moja inapata joto na kupunguza kasi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia GB/T. Ya Ulaya ni CCS2. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa", muage kwa heshima.

Hukumu yangu: chaji ya haraka inafanya kazi, inafanya kazi milimani, inafanya kazi kwenye baridi, na ukishaionja huna hamu ya pampu. Wenye vituo vya mafuta Makambako, Iringa na Morogoro, maegesho mnayo, vyoo mnavyo, chipsi mnazo. Ongezeni plagi nne kwa kuanzia, lipa namba ubavuni, na mtuambie siku ya kuzindua. Sisi wa Mbebe tutashuka kwa lami ya Isongole hadi Mpemba, tutapinda kulia, na tutakuwa wa kwanza kwenye foleni.