Pongezi kwa Maofisa wa TEHAMA

Muuguzi mpya anaporipoti hospitalini, ofisa wa TEHAMA humfungulia akaunti: aone taarifa za wagonjwa wa wodi yake, asiguse hesabu za stoo ya dawa wala mishahara. Akihamishwa wodi, ruhusa za zamani lazima ziondolewe, na hapo ndipo penye kazi. Kuomba ruhusa kila mtu hukumbuka. Wanaokumbuka kuirudisha ni wachache. Akistaafu, akaunti ifungwe siku hiyohiyo, hata kama barua ya utumishi bado haijafika. Saa nane usiku simu inaita: daktari wa zamu amesahau nywila na mgonjwa anasubiri. Ofisa anahakikisha kwanza kwamba anayepiga ndiye mwenyewe, huku akifokewa kwamba anachelewesha.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lakini maneno ya sheria hayafungi akaunti. Maofisa hawa ndio wanaozifunga, wakipitia orodha jina kwa jina. Siri ya maradhi yako inapobaki kati yako na wanaokutibu, jasho lao limo. Tuna deni kwao, na tulilipe kwa kutoa taarifa mapema mtu anapohama au kustaafu, na kuwapigia simu kwa heshima.