Kanuni ya Taylor: hesabu inayosema mpira wa miguu unaishinda .44 Magnum

Wiki iliyopita binamu yangu anayeishi Texas alinitumia picha ya jedwali. Msimu huu anataka kwenda kuwinda kulungu, na si kwa bunduki bali kwa rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka. Kule ni halali. Akaandika: "Dada, wewe si umesoma fizikia? Nichukue .357 au .44? Na nipige nikiwa mbali kiasi gani?"

Kumbe jibu alishakuwa nalo. Kwenye jedwali kuna safu ya namba zinazoitwa "KO", kama zile KO za ndondi. .357 Magnum imepewa 10 na .44 Magnum imepewa 20. Kwa hiyo, anasema, .44 ni bora mara mbili na inafaa kwa umbali mara mbili.

Naomba tuichambue sentensi hiyo taratibu, maana ikikosewa si yeye atakayeumia. Ataumia mnyama atakayekimbilia vichakani na tundu tumboni, afe kesho yake.

Kidogo kuhusu mnyama mwenyewe. Kulungu wetu wa Afrika Mashariki ni ndugu wa ng'ombe na mbuzi, na pembe zake hazidondoki. Huyu wa Texas, mwenye mkia mweupe, ni wa familia nyingine kabisa: dume huangusha pembe kila mwaka na kuotesha mpya. Tunawaita jina moja kwa mazoea tu. Kinachotuhusu leo ni kwamba moyo na mapafu yake, ukimtazama kwa ubavu, vinakaa kwenye duara la sentimita 20 hivi. Sahani ya wali.

Sasa KO. Hii ilitoka huku kwetu Afrika. John Taylor, mwindaji aliyeitwa "Pondoro" na aliyewinda sana Msumbiji, aliieleza kwenye kitabu chake African Rifles and Cartridges cha mwaka 1948. Unachukua uzito wa risasi kwa greni, unazidisha kwa kasi yake kwa futi kwa sekunde, unazidisha tena kwa kipenyo chake kwa inchi, unagawa kwa 7000. Basi. Taylor alikuwa na tatizo mahususi: tembo. Ukimlenga tembo ubongo ukakosa kidogo, je, risasi itamtikisa kiasi cha kumlaza chini au atakuja juu yako? Namba yake ilijaribu kupanga bunduki kubwa kubwa kwa swali hilo moja. Kwa hilo simlaumu, alikuwa anaongea kutokana na alichokiona.

Lakini kanuni haijui iko wapi. Ukiipa chochote itakupa jibu. Chukua mpira wa miguu: gramu 430, kipenyo sentimita 22, umepigwa shuti la mita 25 kwa sekunde. Badilisha vipimo, fanya hesabu mwenyewe. Utapata karibu 670. Yaani penalti ya kawaida ina "nguvu" zaidi ya mara thelathini ya .44 Magnum, na bado kipa anaudaka na kuusogeza pembeni! Kasoro iko wazi: kanuni inazawadia unene bila kuuliza kama kitu kinapenya.

Na kupenya ndiyo kazi yenyewe. Risasi ya bastola haiuwi kulungu kwa kumtikisa. Kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde hivi, misuli na mapafu hutanuka kisha hurudi, na kinachobaki ni njia iliyochimbwa. Njia ikipita kwenye moyo au mapafu, damu inatoka, shinikizo linashuka, mnyama anaanguka. Mara nyingi hukimbia kwanza makumi ya mita. Kati ya .357 na .44 tofauti ya kipenyo halisi ni milimita 1.8 tu (.44 yenyewe kwa kweli ni .429, majina ya risasi yana uongo wake). Simaanishi .44 haina faida. Risasi yake ni nzito, inapenya vizuri hata ikikutana na mfupa wa bega, na tundu la kutokea hurahisisha kufuata damu. Ila faida hiyo ina bei.

Tuipige hesabu. Risasi ya .357 ya gramu 10.2 ikitoka kwa mita 378 kwa sekunde ina jouli kama 730. Ya .44, gramu 15.6 kwa mita 411, ina kama 1,310. Nishati imepanda mara 1.8. Upande wa mkono wako sasa. Bastola inarudi nyuma kwa momenta ileile ya risasi, na nishati ya kurudi inafuata mraba wa momenta. Kwa bastola mbili zenye uzito sawa inapanda mara 2.7, hata kabla hujahesabu baruti. Ndiyo maana watu hufumba macho na kuusukuma mtutu chini sekunde moja kabla ya mlio.

Halafu umbali. Hapa ndipo jedwali linaponiudhi zaidi, kwa sababu umbali hautokani na risasi hata kidogo. Rivolva ina kijino cha kulengea mbele na mwanya nyuma, katikati yake sentimita 20 hivi. Kijino kikikaa pembeni kwa nusu milimita, unene wa kadi, risasi inakosea kwa sentimita 12 ukiwa mita 50. Umeshatoka nje ya sahani. Bunduki yenye sentimita 60 katikati ya vilengeo inakusamehe mara tatu zaidi.

Nikamwambia aende uwanja wa shabaha na sahani za karatasi, apige akiwa amepiga goti kama atakavyokuwa porini. Mita 25: sita kwa sita. Mita 50: tatu kwa sita. Hakushangaa yeye, nilifurahi mimi, kwa sababu inafanana na hesabu rahisi ya mtawanyiko. Mtu ambaye risasi zake hutawanyika ili asilimia 96 ziingie kwenye duara hilo mita 25, mita 50 zitaingia asilimia 54, mita 100 asilimia 18. Na hapo sijagusa mvutano wa dunia: .44 iliyorekebishwa kulenga sawasawa mita 46 itashuka sentimita kumi hadi kumi na tano ukifika mita 91.

Najua atanitajia Elmer Keith, mwandishi wa Idaho aliyeipigia debe .44 Magnum, na simulizi yake ya kumpiga kulungu yadi 600. Watu husahau kwamba kwa maelezo yake mwenyewe mnyama yule alikuwa ameshajeruhiwa na bunduki ya mtu mwingine. Alikuwa anamalizia. Hakuwa anachagua umbali wa kuanzia.

Sheria nazo zimeikamata nishati kwa sababu inapimika. Virginia imekuwa ikidai futi-pauni 350 risasi inapotoka mtutuni, Colorado 550 ikiwa imefika yadi 50. Hiyo .357 ya hapo juu inapita kule na kukwama huku. Hakuna jimbo kati ya hayo mawili linalomtaka mwindaji aoneshe sahani yake.

Jibu langu kwa binamu lilikuwa fupi: .357 au .44, ile ambayo huifumbii macho, na usizidi mita 30 mpaka karatasi iseme vinginevyo. Akajibu usiku: "Je, nikiweka darubini?" Darubini inaondoa kosa la kijino na mwanya. Mkono unaotetemeka hauondoi. Kesho anarudi uwanjani na sahani kumi na mbili.