Mkono Uliosahauliwa Shimoni

Sharti lilikuwa mashine isifunguliwe. Asichomeke mtu waya ndani yake, asiguse kaseti, asifiche kompyuta nyuma ya pazia irushe picha kwa niaba ya gemu. Mashine ni Nintendo 64, aina iliyoingia sokoni 1996. Kaseti ni The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya 1998, kama ilivyotoka kiwandani. Chochote kitakachoonekana kwenye kioo lazima kiwe kimepita kwenye matundu manne ya mbele, yale ya kuchomekea padi. Likiwa limefungwa na sharti hilo, katikati ya 2022 kundi la wapenzi wa gemu lilipanda jukwaani Bloomington, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, likaifanya kaseti ile kongwe ionyeshe mambo ambayo hayakuwahi kuandikwa ndani yake.

Onyesho hilo wenyewe waliliita Triforce%. Aliyeliongoza hujulikana kwa jina la Sauraen. Aliyeshika padi ni Savestate, mmoja wa wale wanaoshindana kuimaliza gemu hii kwa muda mfupi kabisa. Pembeni alikaa TASBot, roboti mdogo mwenye taa, ambaye kundi lake lilianzishwa na Allan Cecil. Nyuma ya hao walikuwapo waandishi wa programu, wachoraji na watunzi wa muziki ambao hawakuonekana jukwaani.

Rekodi yake nimeitazama peke yangu, na nimeitazama pia kwenye banda la gemu huku kwetu Kipawa, ndege zikipita juu ya mabati zikiwahi kutua uwanja wa Julius Nyerere. Vijana waliokuwa wakingoja zamu zao za mpira walisogea kutazama. Mmoja alitoa hukumu mapema: “Anko, huyo kaweka kodi tu.” Nilimwelewa. Kizazi chake kimekulia kwenye PlayStation 2 na San Andreas ya 2004, na karatasi zilizokunjwa mfukoni zenye mpangilio wa vitufe: huu wa silaha, huu wa pesa, huu wa kuwakimbiza polisi. Lakini kodi zile ziliwekwa na watengenezaji wenyewe. Anayezibonyeza anafuata njia aliyochongewa. Aliyekuwa akicheza Bloomington alikuwa akipita mahali ambapo mtengenezaji hakujua kwamba panapitika, na tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Ili kuwaeleza vijana wale nilikwenda kwenye bao, kwa sababu sijaona mfano unaokaa vizuri zaidi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mgeni akipita barazani huona wazee wanaokota na kudondosha. Mwenye kujua huona kila shimo lina idadi, na idadi hiyo ndiyo inayoamua mkono utaishia wapi, nani ataliwa, nyumba ya nani itavunjika. Sasa chukua ubao wenye mashimo zaidi ya milioni 4, kila shimo likiwa na nambari kati ya 0 na 255, ambayo wataalamu huiita baiti. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya Nintendo 64. Uhai wa shujaa Link ni nambari shimoni. Hela alizonazo ni nambari. Mlango ulio mbele yake na wimbo unaosikika ni nambari vilevile. Na hata amri zinazoiambia mashine ifanye nini ni nambari, zimekaa kwenye ubao uleule, na kwa sura hazitofautiani na nyingine. Mashine husoma pale ilipoelekezwa. Ukiielekeza kwenye mashimo yenye hesabu ya mahali mtu aliposimama, itaisoma hesabu hiyo kama amri na kuitii.

Link anaponyanyua kitu, tuseme jiwe, gemu huandika mahali: kilicho mkononi kipo shimo fulani. Kisha, mara 20 kwa sekunde, huenda kwenye shimo hilo kuweka upya nambari za mahali jiwe lilipo na upande liliogeukia, ili jiwe lifuate mikono ya mbebaji. Ukitoka eneo moja kwenda jingine, mawe ya huko nyuma hufutwa na mashimo yake hupewa vitu vingine. Waliotengeneza gemu walihakikisha kwamba mikono ya Link nayo inaachilia. Walihakikisha kwa njia zote walizozifikiria. Mwaka 2019 wachezaji waligundua kwamba kwa miondoko fulani, iliyopimwa kwa sehemu ndogo za sekunde, jiwe hufutwa na mkono ukabaki. Link hana kitu, lakini gemu bado inaamini amebeba, na inaendelea kudondosha nambari kwenye shimo ambalo sasa ni la kitu kingine kabisa. Akigeuka kidogo kushoto, inaingia nambari hii. Akigeuka kidogo zaidi, inaingia nyingine. Mchezaji aliyesimama msituni akijizungusha taratibu, hatua moja mbele, nusu hatua nyuma, anapanda kete kwenye ubao ambao hakupewa ruhusa ya kuugusa.

Nikifika hapa huwa nasimama kidogo, hata ninapojieleza mwenyewe, kwa sababu uzuri wake umo kwenye upole wake. Hakuna kilichovunjwa. Shujaa anatembea, anaokota, anageuka, yaani anafanya yaleyale ambayo mtoto yeyote aliyecheza gemu hii amewahi kuyafanya.

Kuna jambo jingine ninalolipenda. Mwanzoni gemu humwomba mchezaji aandike jina. Herufi za jina nazo ni nambari shimoni. Wajuzi wakaona kwamba jina lisilosomeka, lenye herufi na alama zilizochaguliwa moja moja, linaweza kuwa amri. Basi mchezaji anaandika jina lake la ajabu, anaendelea na safari, na baadaye anaigeuza mashine ili iende ikalisome. Kwa njia za aina hii, gemu inayomchukua mchezaji wa kawaida makumi ya saa imemalizwa chini ya dakika 10.

Ustadi huu haukuanza na Zelda. Mwezi Januari 2014, TASBot alibonyeza vitufe vya Super Mario World ya 1990 kwa kasi isiyowezekana kwa vidole vya binadamu, na katikati ya safari ya Mario mashine ikaanza kucheza Pong na gemu ya nyoka. Mwaka 2016 mchezaji ajulikanaye kwa jina la SethBling alifanya jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa zaidi ya lile la roboti: alitumia mikono yake mitupu. Kwa kumpeleka Mario mahali sahihi, na kumfanya aruke na kugeuka inavyotakiwa, aliandika baiti 331 za programu, moja baada ya nyingine, mpaka Flappy Bird ikacheza ndani ya Super Mario World. Hebu fikiria kuandika ukurasa mzima kwa kutembea tu, ukijua hatua moja ikikosewa ukurasa wote umeharibika.

Bloomington waliziunganisha kazi hizo mbili. Mtu alianza kwa mikono, akafungua upenyo. Kisha roboti, akijifanya padi, alianza kumimina. Kila padi inaposomwa huipa mashine baiti 4, mbili za vitufe na mbili za kile kijiti cha kusukuma. Kwa mchezaji wa kawaida hizo ni habari za kidole gumba. Kwa waliokwisha kuifundisha mashine isome upya, ni bomba jembamba ambalo ukilipa muda litapitisha picha, sauti, majengo na wahusika wapya. Savestate hakuondoka kitini. Aliendelea kutembea ndani ya gemu ambayo ilikuwa ikiandikwa upya huku yeye akiicheza.

Walichokiandika ndicho kilichowainua watu vitini. Hadithi ya Zelda inazunguka Triforce, pembetatu tatu za dhahabu ambazo kila mhusika anazitamani, na katika gemu ya 1998 mchezaji hazipati kamwe. Kabla gemu haijatoka, magazeti ya Marekani na Japani yalichapisha picha za majaribio zenye sehemu ambazo hazikuonekana tena kwenye kaseti iliyouzwa. Watoto waliozihifadhi picha zile walitafuta kwa miaka. Wakapiga kila ukuta bomu, wakapiga kila wimbo mbele ya kila jiwe. Wengine wakatengeneza ushahidi wa uongo, na wengi wakauamini, maana walitaka iwe kweli. Kisha Januari 2021 vipande vya gemu ile ya majaribio vilikutwa vimesalia ndani ya kaseti ya watengenezaji iliyokuwa na gemu nyingine, F-Zero X, kama maandishi ya zamani yanayoonekana kwa mbali chini ya mapya. Kwa hiyo waandaaji wa onyesho hawakubuni kila kitu kutoka hewani. Walikuwa na mabaki, wakayatumia kuwajengea wenzao mahali walipopatafuta utotoni. Na mwishoni Link akaipata Triforce, kwenye kaseti ileile, kwenye mashine ileile isiyofunguliwa. Ukumbi ulipiga kelele mpaka maneno ya jukwaani yakamezwa.

Ningeweza kusifu hesabu peke yake, maana ni hesabu ya hali ya juu, lakini ninachokiheshimu zaidi ni kwamba walikubali kufanya mubashara. Onyesho lilikuwa sehemu ya tamasha la Summer Games Done Quick, la kwanza kufanyika ana kwa ana tangu janga la korona liwatawanye watu majumbani. Wangeweza kurekodi wakiwa peke yao, wakarudia mpaka likanyooka, na hakuna ambaye angelalamika. Walichagua kukaa mbele ya ukumbi na dunia nzima, na hatua ile ya mwanzo ikaachwa mikononi mwa mtu mwenye mapigo ya moyo. Angekosea pembe kidogo, mashine ingeganda palepale, kioo kikasimama, kimya. Wacheza bao wanaijua hali hiyo. Kete ikishaachiwa shimoni mbele ya baraza, haiombwi kurudi mkononi, na heshima ya bingwa imejengwa juu ya macho ya hao wanaohesabu pamoja naye. Bila mashahidi wenye kujua, ushindi ni habari tu ya kusimuliwa.

Na mashahidi wa Bloomington walijua. Ndiyo maana nasita ninapowasikia watu wakiita mambo haya upotevu wa muda. Katika ukumbi ule walikuwamo watu waliotumia sehemu kubwa ya ujana wao kusoma mashine ambayo kampuni yenyewe iliacha kuitengeneza zamani. Wameijua kuliko walioiumba, na sioni chumvi katika kusema hivyo. Aliyeiumba alikuwa na tarehe ya kukabidhi kazi. Msomaji wake amekuwa na zaidi ya miaka 20, na wenzake wa nchi nyingi, kila mmoja akileta shimo moja alilolielewa.

Tamasha lenyewe ni la kuchangisha fedha. Mwaka ule zilipatikana zaidi ya dola milioni 3 kwa ajili ya Madaktari Wasio na Mipaka, shirika ambalo mwaka 2015 lilianza kuwatibu wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Nduta, mkoani Kigoma. Sidai kwamba dola fulani ilitoka mkono fulani ikafika Nduta. Nasema tu kwamba shangwe ile ya gemu ilikuwa inalisha kazi tunayoijua kwa macho yetu hapa nchini.

Huku Kipawa kipo kituo cha VETA cha TEHAMA, na kuanzia hapo hadi Barabara ya Nyerere hutembei mbali bila kukuta kijana aliyeinamia simu iliyofunguliwa kifuniko. Karibu kila mashine tunayoitumia imebuniwa na watu wengine, kwa lugha nyingine, na mara nyingi imefungwa kwa makusudi ili tusiielewe. Kwetu sisi kusoma mashine ya mwingine ni ujuzi wa lazima, na ningependa upewe heshima tunayompa mwandishi au mwanamuziki. Bandani nimeona mwanzo wake. Vijana wale wanajua pembe ya kupigia mpira ambapo golikipa wa gemu yao huruka akiwa amechelewa, kila mara, hata akiwa kipa bora duniani. Hawakuambiwa na mtu. Waligundua kwa kurudia, wakabishana, wakapeana, na sasa goli la pembe ile linahesabiwa aibu mkicheza kwa pesa. Yule aliyesema “kaweka kodi” ndiye aliyeniuliza, baada ya maelezo ya bao, kama kipa naye amekaa shimoni na nambari yake ni ipi. Hilo ndilo swali la kwanza la ufundi huu, na aliliuliza bila kufundishwa na mtu.

Jibu lake linatafutika. Waandaaji wa Triforce% hawakuondoka na siri yao. Baada ya onyesho walieleza hadharani mkono ule ulibakije, jina liligeukaje kuwa amri, padi zilipitishaje picha na muziki, ili mwenye mashine, kaseti na subira aweze kuifuata njia yao hatua kwa hatua, na akiweza, afike mbali kuliko walipofika wao.