Kiti cha Bodi ni cha Nani?

Kumwongeza mkurugenzi kwenye kampuni changa siku hizi hakuhitaji safari ya Dar es Salaam. Aliyeko Kiongoroni, kata ya wilaya ya Kibiti iliyo ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, akipata mtandao ataingia kwenye mfumo wa BRELA, ataweka namba ya NIDA ya mkurugenzi mpya, ataambatisha nyaraka, na taarifa itamfikia Msajili wa Makampuni. Urahisi huo ni wa kushukuriwa, ila umewazoesha waanzilishi wengi kudhani kwamba jina likishasomeka BRELA makubaliano yamekwisha. Daftari la Msajili linaonyesha nani yumo kwenye bodi. Nani mwenye haki ya kumweka, na nani mwenye haki ya kumtoa, hayo hayamo humo, na yasipoandikwa kabla ya kikao cha kwanza huja kuamuliwa siku ya ugomvi na mwenye hisa nyingi.

Tuseme kuna kampuni ya kununua kaa na kamba delta, yenye waanzilishi wawili. Anakuja mwekezaji na mtambo wa barafu, anataka kiti. Kikundi cha wavuvi chenye hisa chache nacho kinataka kiti. Wote wanakubaliwa, majina yanasajiliwa. Mwaka mmoja baadaye mjumbe wa wavuvi anahama. Je, kikundi kinaleta mwingine, au nafasi imekufa naye? Kampuni kubwa hazikuliachia swali hili bahati. Serikali ilipotiliana saini na kampuni ya madini ya Barrick Januari 2020 kuhusu kampuni yao ya ubia, Twiga Minerals, hisa zake 16 kwa 100 zilikwenda pamoja na uwakilishi kwenye bodi. Haki ya namna hiyo inashikamana na hisa, kwa hiyo mtumishi aliyewekwa kwenye bodi akistaafu anateuliwa mwingine. Wavuvi wanastahili sentensi ileile kwenye mkataba wao wa wanahisa, pamoja na kiwango cha hisa ambacho wakishuka chini yake haki inakoma. Bila kiwango hicho, aliyeuza karibu hisa zote ataendelea kukalia kiti.

Pingamizi zito linatoka kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Makampuni ya 2002 inawapa wanahisa uwezo wa kumwondoa mkurugenzi kwa azimio la kawaida, hata kama mkataba wake na kampuni unasema vingine. Basi kuandikiana kuna faida gani? Jibu limo kwenye mashauri mawili ya Uingereza, ambayo kwetu hayafungi mahakama lakini husikilizwa. Katika Bushell dhidi ya Faith, la 1970, kaka na dada zake wawili walikuwa na hisa 100 kila mmoja. Dada walitaka kumtoa kaka kwenye bodi. Katiba ya kampuni ilikuwa inampa mkurugenzi anayetaka kuondolewa kura tatu kwa kila hisa, hivyo kura zake 300 zikazishinda 200 za dada zake, na Baraza la Malodi likakubali. Shauri la Russell dhidi ya Northern Bank, la 1992, lilitenganisha mambo: kampuni haiwezi kujifunga isitumie uwezo iliopewa na sheria, lakini wanahisa wanaweza kufungana wao kwa wao jinsi watakavyopiga kura. Kwa hiyo ahadi ya kiti ikiandikwa kwenye barua ya uteuzi peke yake ni dhaifu. Ikiwekwa kwenye katiba ya kampuni na kwenye mkataba ambao kila mwanahisa ameusaini, ina meno.

Wapo wanaoona kwamba kumpa mtu kiti cha kudumu ni kumgeuza kibaraka wa aliyemleta. Hofu hiyo ina msingi. Sheria inamtaka kila mkurugenzi atumikie maslahi ya kampuni, awe kaletwa na benki au na wavuvi, na mkataba haufuti wajibu huo. Ndiyo maana nashauri uandike waziwazi taarifa zipi za bodi anaruhusiwa kuwapelekea waliomteua. Asiporuhusiwa chochote, kikundi kitabaki gizani. Akiruhusiwa kila kitu, bei za kampuni zitafika sokoni kabla ya mzigo.

Wengine wanasema watu wanaofahamiana hawahitaji makaratasi mengi, na wakili ni gharama. Gharama ipo kweli, lakini kipengele kinachowaumiza wadogo mara nyingi hakihitaji wakili kukiona. Ni kile cha taarifa ya kikao na akidi. Mkataba ukisema taarifa ya saa 24 kwa barua pepe inatosha, na akidi ni wajumbe watatu kati ya wanne, mkurugenzi anayesubiri maji yajae ndipo boti itoke Kiongoroni ataondolewa kwenye maamuzi bila kupigiwa kura hata moja. Iandikwe siku saba, taarifa itolewe pia kwa simu, kuhudhuria kwa simu kuhesabike, na ajenda ya kutoa hisa mpya au kukopa isijadiliwe kama mjumbe wa wavuvi hayumo. Akikosa vikao viwili mfululizo, akidi ya kikao cha tatu ihesabiwe bila yeye, ili naye asiizuie kampuni kwa kutokuja.