Uzito wa Gramu 5

Tuanze na uchovu wenyewe, kwa sababu wengi huuona kama uvivu wa siku mbili tatu. Mtu anayetoka New York kuja Nairobi anashuka kwenye ndege saa za huku zikiwa mbele kwa saa 7 au 8, kutegemea majira ya Marekani. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kifundo cha seli za neva zipatazo 20,000 ambacho ndicho kinara wa saa ya mwili. Ini lina saa yake, utumbo una yake, na kila kiungo hujirekebisha kwa mwendo wake. Kwa hiyo mgeni wetu amefika kwa mama yake, ndugu wamejaa sebuleni, pilau imeiva, naye hana hamu hata ya tonge moja. Njaa itamjia saa tisa za usiku, ambayo kule alikotoka ni saa moja au mbili za usiku. Kwa kawaida mwili husogea kama saa moja kwa siku, na safari ya kuelekea mashariki huutesa kuliko ya kuelekea magharibi. Hesabu hiyo ni wiki nzima ya likizo ya mtu.

Wapo wanaoupeleka uchovu huo kwenye kitanda cha tiba ya kraniosakrali, ile ya kushika kwa wepesi kichwa na uti wa mgongo. Mimi nataka kuisifu kazi ya mikono inayofanyika hapo.

Ukiitazama kwa mbali utadhani hakuna kinachofanyika. Hakuna mafuta, hakuna kuvuta viungo, hakuna mfupa kulia. Mtu hulala chali na nguo zake, viatu pembeni. Mtaalamu hunawa, huipasha mikono joto, kisha huanza miguuni: anashika visigino na kunyamaza. Baadaye anapitisha kiganja chini ya kiuno, akaubeba ule mfupa mpana ulio juu ya kifandugu, na mkono wa pili ukatua juu ya tumbo. Mwisho anahamia kichwani. Anaketi, anaegemeza mikono kitandani ili isitetemeke, na kisogo cha mtu kinalalia ncha za vidole vyake.

Nguvu wanayofundishwa kutumia ni gramu 5, uzito wa sarafu ya senti 5 ya Marekani. Ukiwa na mizani ndogo ya jikoni unaweza kujaribu. Bonyeza kwa kidole mpaka isome 5, kisha bakia hapo hapo. Kabla dakika haijaisha itasoma 12, halafu 30, nawe hukukusudia. Bega limechoka, akili imehama, na kidole kimeongeza nguvu bila idhini yako. Sasa fikiria mtu anayeweza kukaa katika wepesi huo karibu saa nzima, vidole kumi kwa pamoja, huku akizisikiliza pumzi za mwenzake na kuona msuli upi umelegea na upi bado unashikilia. Ujuzi huo hujengwa kwa miaka, kwa kuweka mkono, kuuondoa, na kuuweka tena.

Kwa msafiri, penye utajiri ni pale chini ya kisogo. Pana misuli midogo inayounganisha fuvu na pingili mbili za juu za shingo. Mtu aliyelala ameketi, kichwa kikiangukia dirishani kisha kwa jirani kisha kifuani, ameifanyisha misuli hiyo kazi usiku kucha. Ukiibana kwa nguvu hujikaza ili kujilinda. Ukiipa ncha za vidole za kuegemea na kuiacha ijiamulie, uzito wa kichwa chenyewe huifungua, taratibu, wakati mwingine upande mmoja kabla ya mwingine. Mtaalamu hodari huusubiri upande uliochelewa. Hausukumi. Nimeiona subira hiyo na nakiri kwamba ndiyo iliyonifanya nianze kuiheshimu kazi hii, kabla sijajua lolote kuhusu nadharia yake.

Sisi wa pwani tumelelewa na mkono mwingine. Bibi mkandaji huja na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akasaka fundo la msuli kwa dole gumba, na ukilia anakwambia, "Vumilia mwanangu, ndiyo linatoka hilo." Mkono ule naupenda na sitaubadilisha. Lakini mwili uliokosa usingizi na uliokauka kwa hewa ya ndani ya ndege si mara zote unaotaka kusakwa. Upo uchovu unaotaka kushikwa tu.

Asili ya tiba hii ni Missouri, Marekani. William Garner Sutherland alikuwa mwanafunzi katika chuo cha osteopathia, tiba ya mikono kwa mifupa na misuli, mjini Kirksville, kilichoanzishwa na Andrew Taylor Still mwaka 1892. Alipokuwa akitazama fuvu lililotenganishwa mfupa mmoja mmoja, alivutiwa na kingo zilizochongeka za mifupa ya kando, zikamkumbusha mashavu ya samaki, akawaza kwamba huenda mifupa hiyo imeumbwa ili icheze. Wazo hilo halikumwacha. Alijifungia vifaa kichwani mwake mwenyewe kwa miaka, akijibana huku na kulegeza kule, na mwaka 1939 akachapisha kitabu chake. Miaka ya 1970 akaja John Upledger, daktari wa osteopathia, aliyesimulia kwamba akisaidia katika upasuaji wa shingo alipewa kazi ya kuushikilia utando unaofunika uti wa mgongo usitikisike, akashindwa. Utando ulikuwa ukipanda na kushuka kwa mdundo wake wenyewe. Alifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, kisha mwaka 1985 akaanzisha taasisi yake huko Florida, na kupitia kwake tiba ikatoka mikononi mwa madaktari na kuwafikia wakandaji na wauguzi.

Wafuasi wao husema vidole vyao husikia mdundo wa ugiligili unaozunguka ubongo. Hapa lazima tuseme kweli. Wataalamu wawili walipowekwa kumpima mtu yuleyule na kila mmoja akahesabu kivyake, hesabu zao hazikulingana. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikana kwa namna ambayo gramu 5 haziwezi kuisogeza. Nadharia hiyo, kwa maoni yangu, haijasimama, na anayeiuza kama sayansi iliyothibitishwa anaikosea heshima kazi yake. Lakini mkono ule mwepesi haukuzaliwa na nadharia peke yake. Umezaliwa na maelfu ya saa za kushika watu kwa makini, na makini hayo yapo, mdundo uwepo au usiwepo. Ngozi yetu ina nyuzi nyembamba za neva zinazoitikia mguso laini, wa taratibu, wenye joto la mwili, na habari zake huishia katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia za moyoni zaidi kuliko zile za kupima umbo na mahali. Mtu akijisikia salama, pumzi hushuka tumboni. Moyo hupunguza kasi.

Mikono, basi, haigeuzi saa ya mwili. Inayoigeuza ni nuru, na nuru ina wakati wake. Sisi tunaohesabu saa tangu jua lichomoze tungependa kumtoa mgeni nje alfajiri ya kwanza, kumbe tunamchelewesha: saa moja asubuhi ya Nairobi, majira ya kiangazi cha New York, mwili wake uko katika usiku wa manane, na nuru ya wakati huo huirudisha saa nyuma. Nuru inayomsaidia siku ya kwanza ni ya baada ya adhuhuri. Atoke alasiri, atembee, ale na wenzake hata kidogo. Kazi ya mikono ije jioni, baada ya jua kufanya yake, kwa sababu adui wa usiku huo wa kwanza ni mwili uliochoka na bado uko macho, taya limeumana, mabega yako masikioni. Hilo mikono inaliweza.

Mtaalamu anayestahili kuaminiwa huuliza kabla ya kugusa. Atauliza kama umewahi kuumia kichwa hivi karibuni, kama umepata kiharusi, kama una mshipa uliovimba kwenye ubongo. Ukisema ndiyo, hatakulaza. Atatazama pia miguu yako. Mguu mmoja uliovimba na kuuma baada ya safari ndefu unaweza kuwa na damu iliyoganda, na mwenye mguu huo ni wa kupelekwa hospitali usiku huohuo. Na akimaliza hakuinui. Anakuacha ulale pale mpaka uamke mwenyewe, anakupa maji, anauliza nani atakuendesha kurudi nyumbani.