Makala Niliyoiandika Nikiwa Nimeshiba Bure

Miaka michache iliyopita niliandika makala ya kuusifu mgahawa mmoja wa chakula cha Kimeksiko, ulio juu ya paa la nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Unguja. Ilitoka kwenye jarida la kitalii. Nikiisoma leo naona ina aya saba, na tano kati ya hizo zinahusu jua linavyozama. Chakula kilipewa sentensi mbili, na zote mbili zina neno "kitamu". Kitu ambacho makala haikusema ni kwamba mimi na mpiga picha tulikula na kunywa bila kulipa hata senti.

Hakuna aliyenilazimisha kudanganya. Kila nilichokiandika kilikuwepo: majahazi, upepo, anga la rangi ya chungwa. Ila sisi tunaosoma vitabu tunaijua hila hii. Mwandishi akikosa la kusema kuhusu mhusika wake, anatuelezea mawingu.

Mwezi uliopita nilirudi kwa pesa yangu, nikiwa na shangazi yangu. Shangazi amepika shughuli za watu Ng'ambo kwa zaidi ya miaka thelathini, na alikuwa hajawahi kupanda paa lolote la watalii. Nilimchukua kwa sababu ulimi wake unajua chakula, na kwa sababu haogopi kumuudhi mtu.

Tuanze na menyu, maana menyu nayo ni maandishi. Ukurasa wa kwanza unaahidi "Meksiko halisi". Chini yake kuna nachos, fajita, burrito, na taco za ganda gumu. Sasa, nachos zilibuniwa miaka ya 1940 huko Piedras Negras, mji wa Meksiko uliopakana na Marekani. Fajita ni ya Texas. Taco za ganda gumu zilienezwa duniani na migahawa ya Marekani. Sina ugomvi na chakula cha mpakani. Waswahili tukianza kugombana na mchanganyiko tutakufa njaa. Ugomvi wangu ni na neno "halisi". Linafanya kazi ileile ya sifa zinazochapwa nyuma ya jalada la riwaya: linamtuliza mnunuzi asiulize maswali.

Shangazi aliivaa miwani, akaisoma menyu taratibu, akafika kwenye taco, akaishusha mezani.

"Mwanangu, hapa wanauza nini?"

Nikamsomea kwa sauti, na tukacheka mpaka meza ya jirani wakageuka. Naomba wasomaji wanisamehe kwa kuliandika kwa tahajia ya kigeni. Mkilitohoa wenyewe mtaelewa.

Kicheko kilipoisha nilimweleza maneno mengine, na hapo akaanza kusikiliza. Guacamole inatokana na Kinahuatl, lugha ya Waazteki: ahuacatl ni parachichi, molli ni mchuzi. Mchuzi wa parachichi, basi. Mahindi yenyewe yalianza kulimwa Meksiko, miaka kama 9,000 iliyopita. Huku kwetu yalifika baada ya Wareno kuanza safari zao, na jina tulilowapa linaelekeza India. Pilipili nayo ina kisa chake. Jina tulikuwa nalo tayari kwa ile ya punje nyeusi. Ilipokuja ile kali kutoka Amerika ikalichukua jina, na leo ile ya zamani ndiyo inayolazimika kuitwa pilipili manga ili tusichanganye. Kwa hiyo mgahawa wa Kimeksiko Unguja si kituko hata kidogo. Ukilimwaga kapu la shangazi akitoka Darajani, nyanya, pilipili na parachichi, vitu vingi vina ndugu zao kule.

Ndiyo maana chapati zao zinaudhi. Tortilla ya mahindi hutengenezwa kwa kuchemsha mahindi na chokaa, kuyaloweka, kuyaosha, kisha kuyasaga yangali na maji yake. Chokaa hulainisha ganda, huleta harufu ya peke yake, na huifanya vitamini iliyojificha ndani ya punje iweze kutumika mwilini. Ni kazi, lakini si kazi ya ajabu kwa watu wanaotwanga, kukuna nazi na kukesha na pilau. Tulicholetewa ni chapati ya ngano ya pakiti, baridi katikati. Shangazi aliikunja, akainusa, akasema, "Huu ni mkate wa kusukuma uliokosa mtu wa kuusukuma."

Jambo jingine lililoniuma ni kitu ambacho hakikuwepo. Meksiko wana taco al pastor, nyama inayozungushwa kwenye chuma mbele ya moto na kukatwa vipande vyembamba. Asili yake ni wahamiaji kutoka Lebanoni walioingia na shawarma yao. Wameksiko wakaweka nguruwe badala ya kondoo, viungo vyao, na nanasi. Puebla bado wana taco wanazoziita za Kiarabu. Yaani kuna chakula cha Kimeksiko ambacho tayari kina Mwarabu ndani yake, na sisi tuko kwenye kisiwa ambacho shawarma, mishkaki na nanasi vyote vipo. Weka kuku au ng'ombe mahali pa nguruwe, na una sahani ambayo haiwezi kupikwa vizuri hivyo popote pengine. Haimo kwenye menyu. Fajita imo mara tatu.

Halafu ikaja taco ya nguru, na hapa lazima niwe mkweli vilevile. Ganda lilikuwa lilelile la pakiti. Samaki alikuwa wa siku ile, kakaangwa haraka, na juu yake kulikuwa na kachumbari ya embe bichi, kitunguu, pilipili mbuzi na ndimu. Shangazi alinyamaza. Kwa anayemjua, hiyo ndiyo sifa. Alipomaliza akaomba kumwona aliyeitengeneza. Akatoka kijana mmoja, mikono anaifuta kwenye aproni, "Shikamoo, mama." Kumbe wa Jang'ombe. Alisema mapishi ya sosi zote yaliletwa na mwenye mgahawa yameshaandikwa, isipokuwa hiyo. Hiyo ni yake, ameitoa kwa bibi yake. Kwenye menyu inaitwa "salsa ya nyumbani".

Nyumbani kwa nani? Humu tumelalamika mara nyingi kuhusu wafasiri wasiotajwa kwenye majalada. Kitu pekee pale juu ambacho kweli kilikuwa kimetafsiriwa, kikachukua wazo la Meksiko na kulisema kwa lafudhi ya hapa, hakina jina la mtu.

Imebaki mandhari, ambayo safari ile ilinimezea makala nzima. Ni nzuri, sitaikana. Lakini kutoka meza yetu unaiona pia Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu. Makala yangu iliandikwa baada ya hapo. Nakumbuka mpiga picha alinisogeza hatua mbili kushoto ili mabati ya mafundi yasiingie kwenye picha, nami nikasogea. Kwenye maandishi nilijisogeza mwenyewe.

Viti vyote pale juu vimepangwa kutazama bahari. Shangazi alipokwisha kunawa alikigeuza chake kuelekea mashariki, akawa anatafuta maghorofa ya Michenzani ili kutoka hapo alikisie paa lake mwenyewe. Mhudumu akaja kwa adabu zote. "Mama, mandhari iko huku."

"Naiona, mwanangu," akamjibu, na hakugeuka.

Basi hukumu yangu ni hii. Nendeni, ila msiagize burrito wala chochote chenye neno "halisi". Agizeni taco ya nguru, ombeni kachumbari ya embe ya ziada, na muulize jina la aliyeitengeneza. Sijalitaja hapa kwa sababu aliniomba nisimtie matatani na mwajiri wake, na hilo nalo linasema kitu kuhusu mahali penyewe. Bei ni ya kitalii. Kwa sahani mbili na juisi mbili shangazi angelisha watu wanane, na alinipigia hesabu hiyo tukiwa bado kwenye ngazi.

Jarida lile bado lina makala yangu mtandaoni. Nimewaandikia waongeze mstari mmoja juu yake: mwandishi alikula bure. Hawajajibu, ndiyo nikaona niuandike hapa.